Vyambo vya Mwisho vya Mzee Shimba

Sura ya Saba

Inspekta Mwanabaraka aliingia na kutoka katika karakana ile mara nyingi hadi Konstebo Maige akachoka kumfuata. Maige alikaa kwenye gogo pale mlangoni, kofia ameiweka gotini, akawa anamtazama tu mkubwa wake. Anakwenda mpaka kwenye mawe ya ufukweni, anasimama, anarudi, anaingia ndani, anaukodolea macho ule waya wenye vyambo, halafu anatoka tena kama mtu aliyesahau kitu.

"Afande, vile vimbao havitasema."

"Nani amekwambia nataka viseme? Niletee beseni la maji."

"Ya bomba?"

"Ya ziwa. Mzee alikuwa anatumia ya ziwa."

Maige alijizoa akaenda. Ilikuwa Jumapili, na upepo ulikuwa haujatulia tangu alfajiri. Mabati ya karakana yaligonga, yakanyamaza, yakagonga tena. Kule juu magari yalikuwa yanapita darajani kwenda Busisi bila hata kupunguza mwendo. Tangu daraja lianze kutumika, upande huu wa Kigongo, ambako zamani watu walijazana wakisubiri kivuko, palikuwa pamebaki wauza samaki wachache, mafundi mitumbwi wawili, na karakana ya Mzee Shimba. Na sasa Shimba mwenyewe alikuwa kwenye jokofu la hospitali.

Mzee huyo alichonga samaki wa mbao. Wavuvi wa hapo walimcheka miaka yote, wakimwuliza sangara gani mjinga atakula ubao, lakini wageni wa hoteli za ufukweni waliomaliza likizo yao kwa kuvua walivigombania vyambo vyake. Alichonga, akatoboa tundu tumboni, akasukumia humo vipande vya risasi ile nzito ya kuzamishia nyavu, akakiweka chambo kielee ndani ya beseni mpaka kisimame wima majini kama samaki mzima. Kikikubali, alikitoa, akaziba tundu kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, akasubiri ikauke, ndipo akapaka rangi.

Kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Josephat, kesi ilikuwa imekwisha. Alhamisi jioni Winnie, dada anayewaongoza wageni wa hoteli kwenda kuvua, alipita hapo akakuta vyambo vipya vimepangwa mezani, matundu wazi. Mzee akamwambia arudi kesho yake mchana. Ijumaa mchana Winnie alirudi, akausukuma mlango, akavikuta vyambo vyote vinaning'inia kwenye waya, matundu yamezibwa, na mwenyewe hayupo. Muda mfupi baadaye wavuvi wa dagaa walimkuta mzee majini, amebanwa katikati ya mawe, kisogo kimepasuka. Basi, alisema Josephat, kama vyambo vilizibwa kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa mchana, na mzee hazibi ila asubuhi, ina maana Ijumaa asubuhi alikuwa hai. Na Ijumaa asubuhi jirani alimsikia Revocatus, mkwe wa mzee, akiupiga ngumi mlango huu, kama alivyofanya kila asubuhi kudai deni lake, na kupiga kelele, "Leo utanijibu! Leo lazima utanijibu!"

Kesho Revocatus angepandishwa kizimbani. Shtaka la mauaji halina dhamana. Mtu akishaingia nalo rumande, anaweza kuyakuta mahindi aliyopanda yamevunwa mara kadhaa na watu wengine kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Maige alirudi na beseni, maji yakimmwagikia viatuni.

"Nionyeshe dole gumba lako," Mwanabaraka alisema.

Maige alilionyesha kwa aibu. Ijumaa, wakati wa kukagua karakana, alikuwa ameufinya mrija wa gundi kwa udadisi, na mpaka leo kulikuwa na gamba la manjano pembeni ya kucha.

"Umeosha?"

"Nimeosha kwa sabuni, kwa petroli, mke wangu amenisugua kwa jiwe. Anasema nikome kugusa vya watu."

"Mzee Shimba nimemwona mikono yake kule mochwari. Nilitazama kidole kimoja kimoja. Weusi wa risasi upo kwenye mistari ya viganja. Gundi hakuna. Hata chembe. Revocatus naye hana." Alivuta chambo kimoja kutoka kwenye waya. "Sasa nieleze, Maige. Hivi vyote vimezibwa na nani?"

Maige alilitazama tena dole gumba lake. Mlangoni kivuli kilikatiza.

Alikuwa Rebeka, binti wa marehemu na mke wa Revocatus. Mkononi alishika shati jeupe lililopigwa pasi, kwenye hanga, amelifunika kwa kanga lisishike vumbi. Alikuwa na macho ya mtu aliyelia mpaka akamaliza, na sasa anafanya kazi tu.

"Nilikuwa nampelekea Revo shati la kesho," alisema. "Nikaona mlango uko wazi. Mmepata kitu, afande?"

"Kaa, mdogo wangu. Nataka kukuuliza habari ya kazi ya baba yako, siyo habari ya mumeo. Winnie alifika hapa Alhamisi, bado kuna mwanga. Vyambo viko tayari, risasi iko tayari, gundi ipo. Kwa nini baba hakuziba hapo hapo?"

Rebeka alikuwa kama anashangaa kuulizwa. "Baba hazibi jioni. Hajawahi."

"Kwa nini?"

"Wadudu wa ziwani. Si unawajua, wale wanaokuja kama moshi? Ukiwasha taa tu wamejaa. Gundi inakaa muda mrefu kabla haijashika, na wao wanatua juu yake wananasa. Baba alisema mteja hawezi kununua samaki mwenye ndevu." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakatika lenyewe. "Anaziba asubuhi jua likishatoka. Kila mtu hapa Kigongo anajua. Walikuwa wanamtania, eti fundi anawaogopa wadudu."

"Kila mtu anajua," Mwanabaraka alirudia. "Una chambo chake cha zamani? Ambacho unajua aliziba kwa mkono wake?"

"Kipo kimoja nyumbani, juu ya mlango. Alimchongea mama."

"Naomba niazime."

Rebeka alilitundika shati kwenye msumari, akatoka mbio. Alirudi na samaki wa mbao mwenye mgongo wa kijani, rangi imepauka kwa moshi wa jikoni. Mwanabaraka alikiweka kwenye beseni. Kilizama kidogo, kikainuka, kikasimama tumbo chini, kimetulia tuli.

Kisha akaweka kile cha kwenye waya.

Nacho kilielea. Kwa mtu mwenye haraka vilikuwa ndugu. Lakini Mwanabaraka aliinama mpaka pua ikakaribia maji, akamwashiria Maige asogee. Kutoka tumboni mwa chambo kipya, pale palipozibwa, yalikuwa yanapanda mapovu madogo, moja moja, kama mtoto anayepumulia kwenye kikombe. Kile cha zamani hakikutoa hata moja.

"Kuna uwazi ndani," alisema.

Maige alishika kiuno. Sauti yake ilishuka ghafla. "Afande. Ng'ambo ya daraja ni njia ya Geita."

"Kwa hiyo?"

"Geita kuna nini? Vimbao hivi vinaingia hotelini, wageni wanavitia begini, wanapanda ndege. Nani atapasua samaki wa mbao kutafuta dhahabu? Mzee aligundua, wakammaliza. Mimi nilisema tangu Ijumaa."

"Ijumaa ulisema alijikwaa."

"Nilikuwa sijafikiri vizuri."

Rebeka alikuwa amesogea karibu, vidole vimeshika kanga yake. Mwanabaraka alipiga picha chambo kile kwa simu, pande zote, akamwambia Maige aandike, akachukua kisu cha kuchongea na kuanza kuchokoa. Gundi ilikuwa nyembamba, ganda tupu, ikabanduka kipande kizima. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa juu ulikuwa umefutwa kwa kidole, laini. Ila katikati, ndani kabisa ya ile gundi, kama kitu kilichogandishwa kwenye asali, kulikuwa na mdudu mdogo mwenye mabawa marefu. Na mwingine nusu. Na mguu wa mwingine.

"Ndevu," alisema Rebeka taratibu.

"Hiki hakikuzibwa asubuhi," alisema Mwanabaraka. "Kimezibwa taa ikiwa inawaka. Mzibaji aliwafuta wa juu. Hawa waliozama hakuwaona."

"Na dhahabu?" Maige alinong'ona.

Mwanabaraka aliingiza ncha ya kisu ndani ya tundu, akavuta. Maige alikuwa ameinama naye, shingo ameinyoosha. Kilichotoka ni kisokoto cheupe chenye unyevunyevu, kilichoshindiliwa kwa nguvu kiasi kwamba kilitoka na umbo la tundu. Nyuma yake risasi, ile ile ya kawaida ya nyavu, ikaanguka mezani, tak.

"Pamba," alisema Maige kwa masikitiko. "Pamba tupu."

Walichokoa cha pili. Mdudu, pamba, risasi. Cha tatu vivyo hivyo. Mwanabaraka alikinusa kimoja cha visokoto, akampa Rebeka anuse.

"Mafuta ya ng'ombe," alisema Rebeka. "Lakini baba hatii pamba. Ya nini? Gundi na unga wa msumeno, basi. Pamba ingekuwa inanyonya maji, chambo kingelala ubavu baada ya kutupwa mara mbili."

"Najua hatii. Ndiyo maana nimefurahi kuiona."

Alitoka nje, akapiga simu huku akizunguka lile gogo. Winnie alipokea, kelele za injini ya boti zikiwa nyuma yake.

"Winnie, ni Mwanabaraka wa polisi. Alhamisi ulipokuja kwa mzee, alikuwa peke yake?"

"Hapana, alikuwa na mgeni kule nyuma ya pazia, anapohifadhia mbao."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza Alhamisi, dada. Wote mlikuwa mnaniuliza Ijumaa, Ijumaa."

Mwanabaraka alifumba macho kidogo. "Ni kweli. Ulimwona?"

"Sikumwona, nilimsikia anakohoa. Nikamtania mzee, nikamwambia umeficha mchumba? Akasema hapana, nina mtu tuna maneno yetu ya ubao. Ndipo akaniambia kwa sauti, we binti njoo kesho mchana, naziba asubuhi. Huyo wa nyuma ya pazia lazima alisikia."

Aliporudi ndani hakukaa. "Rebeka. Baba yako alikuwa na ubao gani wa kuongea na mtu?"

Rebeka aliligeukia pazia. Upepo ulilivuta shati kwenye hanga, likageuka kuutazama mlango, likarudi.

"Ubao wa mtumbwi," alisema mwishowe. "Ule uliomzamisha mama."

Kila mtu wa Kigongo aliijua habari hiyo. Miezi michache nyuma mtumbwi wa abiria uliokuwa unarudi kutoka sokoni, kwenye vijiji vya ng'ambo ambako daraja halifiki, ulifunguka ubavu karibu kabisa na nchi kavu. Evelina, mke wa Shimba, alikuwa mmoja wa waliozama. Ilisemekana uligonga mwamba.

"Baba aliuokota ubao kule mawe ya chini, mawimbi yameuleta. Una rangi ya buluu. Alikuwa anakaa nao tu, anaupapasa ukingo. Nikamwambia baba utaumwa, utupe. Akaniambia, 'Rebeka, hapa hapajagonga mwamba. Ubao huu haujawahi kuonja pamba ya kuzibia maji.' Mimi nikafikiri ni majonzi."

"Uko wapi?"

Rebeka alilivuta pazia. Mbao za kuchongea zilikuwepo, zimepangwa. Alipangua, akainama, akainuka mikono mitupu.

"Ulikuwa hapa."

"Mtumbwi ule aliutengeneza nani?"

"Masele, fundi wa hapa chini," alisema Rebeka, na mkono ukaenda mdomoni.

Fundi mitumbwi wa kwanza kutoka karakanani alikuwa juu kidogo, chini ya turubai. Mwanabaraka alipita kwake akaomba kuona pamba yake. Ilikuwa kavu, inanuka mafuta ya alizeti. Alimshukuru, akateremka kwa wa pili.

Masele alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa amepiga goti kwenye ubavu wa mtumbwi mpya, patasi butu mkono mmoja, nyundo mkono mwingine, anashindilia pamba kwenye maungio ya mbao. Tak, tak, anasogea. Tak, tak.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, afande. Hata Jumapili hampumziki?"

"Wewe je?"

"Mwenye mtumbwi anautaka keshokutwa." Masele alikohoa, akatema pembeni. "Mmekuja kwa habari ya mzee? Mimi Ijumaa sikuwepo, nilishawaeleza. Nilivuka alfajiri na mapema kwenda Sengerema msibani. Ukoo mzima umeniona."

"Nimesoma maelezo yako. Leo nina shida ndogo tu." Alitoa mfukoni chambo kimoja, kile walichokichokoa kwanza, ila tundu alikuwa amelisafisha, na kipande cha risasi na mrija wa gundi. "Binti wa marehemu anataka kuona kimoja kimekamilika. Mimi mikono yangu ni ya kuandika. Nikasema, hapa Kigongo sasa nani aliyebaki anayejua kuziba?"

Masele alikipokea. Alikigeuzageuza kwa namna ya fundi, akalipima tundu kwa kidole kidogo. "Hii ni kazi ya kitoto."

"Basi nisaidie."

Alikaa kwenye benchi. Akatia risasi, akaigonga kidogo ishike. Halafu, bila kutazama, huku akimweleza Maige kwamba sangara wa siku hizi si kama wa zamani, mkono wake ulikwenda kwenye kopo lililokuwa kando ya mguu. Ukachomoa fundo la pamba, ukalisokota juu ya paja mara mbili, ukalibonyeza kwenye mafuta yaliyoganda ndani ya kopo, ukalisukumia ndani ya tundu kwa msumari.

Maige alikuwa ameacha kuitikia habari ya sangara.

"Na pamba ya nini, fundi?" Mwanabaraka aliuliza. "Tundu dogo hivi, gundi si ingetosha?"

"Gundi peke yake?" Masele alicheka. "Gundi ni ngozi tu, afande. Ndani lazima pawe na nyama."

"Haya mafuta ni ya nini?"

"Ya ng'ombe. Nilifundishwa na baba yangu. Hawa wengine wanatumia ya dukani."

Mwanabaraka alifungua bahasha, akaweka juu ya benchi, mbele yake, visokoto vitatu vya pamba vilivyochukua umbo la tundu. Pembeni yake akaweka lile ganda la gundi, lenye mdudu ndani.

Masele aliviangalia. Akaliangalia tundu la chambo alichokishika. Nyundo aliyokuwa ameilaza kwenye mapaja iliteleza ikaanguka mchangani, hakuiokota.

"Mafundi mitumbwi ni wengi ziwa hili," alisema.

"Ni wengi."

"Na Ijumaa mimi nilikuwa Sengerema."

"Sijakuuliza Ijumaa. Nieleze Alhamisi, ulipowasha taa ya mzee na wadudu wakaanza kuingia."

 Maige alisogea hatua, akawa kati ya Masele na maji. Mwanabaraka alimtahadharisha kwa maneno yale ya kazi, kwamba halazimiki kusema na atakachosema kitaandikwa. Masele alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

"Andika tu. Sikumpiga."

"Ulifanya nini?"

"Aliniita. Akanionyesha ule ubao. Akasema, 'Masele, sitakwenda polisi. Utakwenda mwenyewe kwa wafiwa, nyumba moja moja, uwaambie. Ukimaliza utakuja kwangu, mimi ndiyo wa mwisho.' Nikamwambia mzee, wataniua. Akasema hawatakuua, watakutazama tu." Alikohoa, safari hii kwa muda mrefu. "Kutazamwa ndiko nilikokuwa siwezi. Yule binti alipoondoka niliushika ubao nitoke nao. Akaushika upande wa pili. Tukavutana, watu wazima, kama watoto wanagombea kiti. Tukatoka nao mpaka nje kwenye mawe. Mimi nikauachia."

Mwanabaraka aliyatazama mawe.

"Niliuachia tu, afande. Yeye alikuwa bado anavuta."

"Ukamtia majini."

"Nikamtia majini. Nikarudi kuchukua ubao, nikaona vile vyambo mezani, wazi. Nilimsikia amemwambia yule dada naziba asubuhi. Nikajua vikikutwa wazi, watasema alikufa jioni. Nikawasha taa. Nikawa nafuta wadudu na kuziba, nafuta na kuziba. Asubuhi na mapema nikavuka."

"Ukijua Revocatus hupita hapo kila asubuhi."

"Hilo sikulifikiria, naapa. Niliposikia wamemshika nilisema watamwachia, maana hana kosa. Kila siku nasema leo watamwachia."

Mwanabaraka alitembea mpaka kwenye mtumbwi mpya. Hakuweza kukaa. Alipitisha kidole kwenye maungio, kutoka kwenye pua mpaka nyuma, akazunguka upande wa pili. Pamba ilikuwa imejaa kila mahali, ngumu, hata pale ambapo mbao zilibanana kiasi kwamba wembe usingepita. Mahali pengine ilikuwa imetiwa mara mbili, imefura nje.

"Kwa nini uliitia kwenye vyambo, Masele? Gundi ya juu ingekutosha. Nisingekuwa hapa."

Masele alikitazama chambo mkononi mwake. "Ule mtumbwi, pamba iliniishia ubavu mmoja. Mwenye mtumbwi alikuwa amesimama pale ulipo wewe, ananiharakisha, soko ni kesho, soko ni kesho. Nikapaka lami juu. Nikasema ukirudi nitamalizia." Alikiweka chambo kwenye benchi, taratibu, tumbo juu. "Tangu siku ile nikiona uwazi natia. Sijui hata natia saa ngapi. Nyumbani nimetia kwenye nyufa za mlango, mke wangu anafikiri naogopa mbu."

"Ubao uko wapi?"

Alielekeza kwa kidevu. Chini ya pipa la kuchemshia lami, katikati ya majivu, kilikuwa kimebaki kipande cha urefu wa mkono, upande mmoja mkaa, upande mwingine buluu. Ukingo wake ulikuwa safi, laini, hauna hata uzi mmoja wa pamba.

Afande Josephat hakufurahi kupigiwa simu Jumapili. Alisikiliza, akaguna, akauliza mara mbili kuhusu wadudu.

"Nimwambie mwendesha mashtaka nina shahidi mdudu?"

"Una wadudu, una pamba, una ubao, una mtu mwenyewe anaongea. Na Alhamisi jioni Revocatus alikuwa Buhongwa kwenye mazoezi ya kwaya hadi usiku. Mwalimu wa kwaya yuko njiani kuja kuandikisha maelezo. Kizimbani kesho asipande, mkubwa."

"Mlete huyo fundi kwanza."

"Namleta. Lakini niambie hilo la Revocatus sasa hivi, niko hapa kwenye laini."

Josephat aliguna tena. "Akishaandikisha huyo wa kwaya," alisema Josephat, "atatoka jioni."

Rebeka alikuwa amekaa kwenye gogo la Maige, shati magotini. Alipowaona wanapanda, Masele katikati na mikono mbele, alisimama. Masele aliinamisha uso. Walipishana karibu sana, na Rebeka hakusogea wala hakumtukana. Alimtazama tu, kwa utulivu, kutoka usoni mpaka miguuni na kurudi, mpaka alipopita na kuingizwa kwenye gari.

"Alibeba jeneza la mama," alisema. "Upande wa mbele."

"Revocatus anatoka jioni hii," alisema Mwanabaraka.

Rebeka aliitikia kwa kichwa, lakini macho yalikuwa bado kwenye gari. "Vyambo vyote vya baba vina pamba? Vyote vya kwenye waya?"

"Bado hatujafungua vyote. Nadhani vyote."

"Ukiikusanya yote," Rebeka alisema, akionyesha kwa mikono urefu fulani hewani, urefu wa ubavu wa mtumbwi, "ingetosha."

Mwanabaraka aliwaza kumwambia akae kidogo, anywe maji. Rebeka alikuwa ameshaanza kulitoa shati kwenye hanga. Alilikunja vizuri, kola ndani, akalifunga kwenye kanga.

"Hili ni la mahakamani," alisema. "Ngoja nikamletee lake la kila siku."

Akapanda kilima kwa haraka, karibu anakimbia, kabla jua halijaanza kushuka.